Bawa la Kulia

Sura ya Saba

Kati ya vitu ishirini na vinne vilivyochukuliwa kwenye karakana ya marehemu, kimoja tu kilimnyima Inspekta usingizi, nacho kilikuwa chepesi kuliko njiti ya kiberiti. Kitu namba kumi na saba: brashi moja ndogo ya rangi, ncha imeganda.

Wenzake walimwita Kobe, naye aliitika. Walisimulia kwamba aliwahi kumfuata mwizi wa kuku kwa miguu, na alipomtia mkononi, kuku alikuwa ameshataga, ameatamia, na vifaranga vimeanza kujitafutia. Kobe hakukanusha. Alisema tu kwamba vifaranga navyo vilirudishwa kwa mwenyewe.

Ijumaa hiyo hakuwa na muda wa vifaranga. Saa tisa alasiri jalada lilitakiwa mahakamani. Alikuwa amebakiwa na saa saba, na ndani ya jalada mlikuwa na mtu ambaye Kobe aliamini hana hatia, lakini hakuwa na kipande cha ushahidi cha kuthibitisha anachokiamini.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Marehemu, mzee wa miaka sabini na minne, alijulikana mtaa mzima kwa jina la Rubani. Alisukuma mizigo uwanja wa ndege kwa miaka thelathini bila kupanda ndege hata moja, kwa sababu alishikwa na kizunguzungu hata akipanda stuli kubadilisha taa. Alipostaafu akaanza kuunda ndege ndogo za plastiki, zile ambazo bawa moja linaenea kwenye kiganja. Jumamosi ya wiki tatu zilizopita alikutwa sakafuni kwenye karakana yake, nyuma ya nyumba, kichwa kimepasuka kwenye kona ya jiliwa la chuma, kile kibano kikubwa cha mezani.

Aliyekuwa mahabusu ni mpwa wake, mwoka mikate wa miaka arobaini na miwili, aliyelelewa katika nyumba hiyo tangu ana miaka minne. Saa nane mchana fundi cherehani wa jirani aliwasikia wakipigiana kelele. Saa tisa mpwa alisaini daftari la kiwanda cha mikate, na hakuondoka mbele ya tanuri mpaka saa nne usiku; watu kumi na watano walimwona. Daktari naye alisema mzee alikufa kati ya saa nane na saa kumi na mbili, wala hakukubali kusogezwa hata kidogo. Kwa hiyo kila kitu kiliangukia penye saa tisa. Kama Rubani alivuta pumzi baada ya hapo, mpwa ni mtu huru. Kama hakuvuta, basi.

Kobe alimwita konstebo aliyeandika orodha.

"Brashi hii uliikuta wapi?"

"Chini ya kiganja cha marehemu, afande. Alikuwa ameishika."

"Hapa hukuandika kwamba ameishika."

"Nafasi kwenye fomu ilikuwa imekwisha, afande."

"Na hiki kikombe cha rangi nyeusi, kitu namba kumi na nane. Mbona kitupu?"

Konstebo akatazama viatu vyake, ambavyo havikuwa na msaada wowote. "Kilipinduka kwenye gari, afande. Ile kona ya sokoni."

"Na ulipofika kwenye tukio ilikuwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu. Maiti ilikuwa bado ina joto."

Kobe aliitia brashi mfukoni, akaiweka ile ndege iliyokutwa kwenye meza ya marehemu ndani ya boksi la viatu, akaipakata magotini njia nzima kama mtu aliyebeba mayai ya watu.

Duka la Bi Milimita, ambako marehemu alinunua vifaa vyake, lilikuwa chumba kimoja kirefu, chembamba, chenye harufu ya gundi inayompa mtu mawazo ya ajabu. Aliuza maboksi ya ndege na magari ya kuunganisha, rangi, vibano na visu vidogo. Alivaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Inasemekana aliwahi kumrudisha seremala mara tisa kwa sababu ya mlango, na mara ya tisa seremala aliacha useremala akaenda kufuga nyuki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Kobe?"

"Wananiita hivyo."

"Nilidhani utafika mwezi ujao. Lete hiyo."

Aliitoa ndege kwenye boksi kwa vidole vitatu, akaiweka chini ya taa. Ilikuwa ndege ya abiria ya zamani, injini mbili, rangi ya fedha. Aliizungusha mara moja, polepole.

"Miezi kumi na mmoja," alisema mwishowe. "Kila Jumatatu alikuwa hapa kunilalamikia. Unataka kujua nini?"

"Brashi hii. Alikufa ameishika. Alikuwa anafanya nini? Nieleze kama unamweleza mjinga."

"Ndivyo nilivyokusudia." Akavuta kioo cha kukuzia. "Ndege ya kweli imeungwa kwa mabati, na kati ya bati na bati pana ufa. Huku ufa wenyewe ni huu mfereji, mwembamba kuliko unywele. Ukipaka rangi ukaishia hapo, mifereji haionekani. Ndege inakuwa kama kipande cha sabuni. Kwa hiyo unazimua rangi nyeusi kwa tarpentaini mpaka iwe kama chai isiyo na maziwa. Rubani mwenyewe aliiita chai. Unagusa mfereji kwa ncha ya brashi, chai inakimbia yenyewe mpaka mwisho. Inapendeza kuangalia. Wapo watu wazima wameacha kuoa kwa ajili yake."

"Na huu mng'ao?"

"Huo ndio siri. Kabla ya chai unapaka vanishi ya kung'aa, unaiacha siku nzima ikauke. Uso unakuwa kama kioo. Chai ikimwagika nje ya mfereji inakaa juu tu, haizami. Bila vanishi inanyweka ndani kama wino kwenye karatasi ya choo, na miezi yako kumi na mmoja imekwenda na maji."

"Halafu?"

"Halafu unakaa juu ya mikono yako nusu saa. Kisha unachukua kijiti cha pamba, kile cha masikio, unakigusisha kwenye tarpentaini, kidogo sana, unafuta kilichozidi. Ya mferejini inabaki. Ndiyo hii mistari unayoiona."

Kobe aliinama. Mabawa yote mawili yalikuwa safi, mistari myeusi imenyooka kama daftari la mwanafunzi mwenye hofu.

"Yamefutwa," alisema polepole. "Na mwenye brashi alikufa ameishika, bado ina chai."

Bi Milimita akaacha kuzungusha kioo.

"Unasubiri nusu saa kabla ya kufuta," Kobe akaendelea. "Unaposubiri, brashi unaifanya nini?"

"Unaiosha. Mtu akiacha brashi igande, mimi simuuzii nyingine."

"Kwa hiyo alianguka akiwa bado anatia. Hakufika kwenye kufuta."

"Tazama hapa." Alielekeza kibano kwenye ncha ya bawa la kulia. Mifereji miwili ya mwisho, ya nje kabisa, ilikuwa mitupu. "Hapa hakufika. Ni kweli usemavyo, hakumaliza kutia, na aliyekufa hakufuta. Maiti ninaowajua mimi hawana bidii hiyo."

Aliigeuza ndege kidogo kidogo mpaka mwanga ukalala juu ya vanishi. Hapo Kobe aliona alichokuwa akionyeshwa. Kwenye bawa la kushoto palikuwa na michirizi hafifu, yote ikitoka mbele kwenda nyuma, jinsi upepo unavyopita. Kwenye bawa la kulia ilikuwa mizunguko.

"La kushoto ni mkono wake," alisema Bi Milimita. "La kulia ni mtu mwingine. Huyu amefuta kama anayekausha sahani."

"Alifuta lini?"

"Rubani alitia kikaushio kwenye chai yake. Kipimo alikijua mwenyewe. Aliniambia atazikwa nacho, na ametimiza. Ninachojua ni kwamba ikipita saa moja inashika, utasugua mpaka vanishi ichubuke. Hapa hapajachubuka. Huyu aliikuta mbichi."

Kobe alihisi kitu kifuani ambacho kwa mtu mwingine kingeitwa tumaini. Kwake kilikuwa kama kiungulia. Palikuwa na mtu wa pili chumbani, ndani ya saa moja baada ya mzee kuanguka.

"Mjini hapa ni nani anayeijua kazi hii?"

"Mimi. Yeye. Wengine wawili, mmoja siku hizi haoni." Alivua miwani mmoja, akabaki na mmoja. "Lakini humtafuti fundi, Inspekta. Tarpentaini imewekwa kwa kiasi kinachotakiwa, hakuna tone lililozidi. Anajua kila hatua. Ila mkono unatetemeka, haujawahi kufanya. Huyu ni mtu aliyeangalia miaka mingi na hakuruhusiwa kugusa."

Kobe aliifunga ndege kwenye boksi. Alipofika mlangoni Bi Milimita alimwita.

"Ukimpata, usimfokee. Amefuta vizuri."

Saa nne na nusu mjane wa Rubani alikuwa sebuleni anapiga pasi. Juu ya kiti palikuwa na makoti meupe ya kiwanda cha mikate, matano, yamekunjwa kama bahasha. La sita lilikuwa chini ya pasi. Mwenye makoti alikuwa mahabusu wiki ya tatu.

"Karibu, baba. Anakula?"

"Anakula, mama."

"Usinidanganye. Huyo akiwa na mawazo hali kitu. Hata mtihani wa darasa la saba alifanya na njaa."

Kobe alikaa. Miaka ishirini na sita ya kuhoji ilimfundisha kwamba swali gumu liulizwe kabla ya maji ya kunywa kuletwa, kwa maana ukishakunywa maji ya mtu, ulimi unalainika.

"Mama, siku ile ulikwenda kwa dada yako. Ulirudi saa ngapi?"

"Nilishasema. Jioni."

"Fundi cherehani alikuwa anafunga kibanda. Anasema uliingia saa kumi na mbili kasoro robo, mkasalimiana. Majirani wote wanasema kilio walikisikia saa kumi na mbili na dakika kumi. Hapo katikati pana dakika ishirini na tano."

Pasi ilisimama juu ya kola.

"Nyumba hii ina vyumba vitatu," Kobe alisema. "Hata mimi, na miguu yangu hii, natoka mlango wa mbele mpaka karakana kwa dakika moja. Ulikuwa wapi?"

"Koti litaungua," alisema mama. Akaiinua pasi, akaisimamisha kwa kisigino, akachomoa waya ukutani. Alifanya yote hayo taratibu.

"Maelezo yako uliyosaini yanasema hukugusa kitu chumbani."

"Yanasema hivyo."

"Kwenye kile kidude chake cha takataka hatukukuta kijiti cha pamba hata kimoja. Fundi wa kazi ile, takataka zake hazina hata pamba moja. Nani alizitoa?"

Mama akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu kesi ianze, alionekana ana miaka yake yote sabini na mmoja, tena na ya jirani.

"Unaniuliza kama nilimuua?"

"Nakuuliza ulikuwa unafanya nini."

"Nilikuwa namalizia kazi yake."

Huko nje cherehani ya jirani ililia, ikanyamaza.

"Nilimgusa shingoni," alisema mama. "Alikuwa na joto, lakini hayumo. Miaka arobaini na minane nimelala naye, najua akiwemo na asipokuwemo. Nikainua macho ili nipige kelele, nikaliona bawa. Chai imekaa juu yake, imemwagika huku na huku. Yeye hakuwa na uwezo wa kusubiri kula, kuoga wala kuoa, lakini nusu saa ya chai aliisubiri na saa mkononi. Kila siku: mama, dakika zikipita nyingi imekwisha, inashika. Nikawaza, nikilia sasa watu watajaa, watanishika, watanilaza kitandani, na hakuna atakayefuta. Angezikwa na kazi imeharibika."

"Kwa hiyo ukafuta."

"Nikapiga magoti pale pembeni yake, nikafuta. Alikuwa hataki hata nipanguse vumbi mezani. Nilipomaliza ndipo nikalia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje, mwanangu? Kwamba mume wangu amelala chini, damu haijaganda, na mimi nafuta kidege? Wale polisi wako walikuwa vijana. Wangenicheka, au wangeniogopa."

Kobe alitoa daftari.

"Hiyo chai, mama. Fikiri vizuri. Ilikuwa mbichi kiasi gani?"

"Ikianza kukauka inafifia, kama jicho la samaki. Nusu saa ikitimia imefifia yote. Ile ilikuwa inang'aa. Nilisubiri kidogo ndipo nikaanza."

"Ulisubiri?"

"Ningefuta mbichi kabisa ingetoka hata ya mferejini. Nikasubiri mpaka ififie. Nilimshika mkono."

Kobe alipiga hesabu mara mbili, kisha akaogopa kuipiga ya tatu. Mama aliingia saa kumi na mbili kasoro robo, na chai ilikuwa bado inang'aa, haijafikisha nusu saa. Basi iliwekwa baada ya saa kumi na moja na robo, na mwenye kuiweka alikuwa amesimama kwa miguu yake, brashi mkononi, kabla kizunguzungu hakijamchukua. Wakati huo mpwa alikuwa mbele ya tanuri kwa zaidi ya saa mbili, na watu kumi na watano wanamtazama akitoka jasho.

Alimweleza. Alimweleza kwa maneno machache, akitazama ukuta. Mama alisikiliza, na Kobe aliona uso wake ukifunguka, kisha, kabla haujamaliza kufunguka, ukasimama.

"Konstebo alifika saa ngapi?" mama aliuliza.

"Saa kumi na mbili na nusu."

"Kama nisingefuta..."

"Mama."

"Kama nisingefuta, angeigusa. Ingekuwa bado inanata. Angetoka na kidole cheusi, na kila mtu angejua ilitiwa jioni." Aliangalia kidole chake mwenyewe. "Pamba nilizitia jikoni, kwenye moto. Yeye hakutaka zilale ndani, kwa ajili ya tarpentaini."

Kobe alifungua ukurasa mpya. Hakuwahi kuwa mtu wa kutengeneza jibu la uongo.

"Andika," alisema mama. "Andika yote niliyosema, nisaini. Nitakuja nayo mwenyewe. Ngoja nibadili nguo."

Mwendesha mashtaka alikuwa mtu mwembamba aliyesoma kila kitu mara mbili, hata kibandiko cha chupa ya maji. Hakuwa mtu mbaya. Kobe angefurahi kama angekuwa mbaya. Mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika.

"Karatasi ya kwanza, hakugusa kitu," alisema. "Ya pili, amegusa. Zote zina sahihi yake. Ipi ya kweli?"

"Ya pili."

"Umejuaje?"

"Bawa. Mkono uliofuta la kulia sio uliofuta la kushoto. Bi Milimita atatoa ushahidi."

"Atasema kuna mtu wa pili aliyefuta. Atasema ni saa ngapi?"

"Ndani ya saa moja tangu itiwe."

"Na ilitiwa saa ngapi?"

Kobe akalifungua daftari, akalifunga.

"Nikusaidie," alisema mwendesha mashtaka. "Mzee alikuwa anatia chai yake saa nane. Mpwa akaingia, wakagombana, akamsukuma. Mzee akaanguka na brashi mkononi. Mpwa akababaika, akafuta bawa, akakimbilia kazini. Naye alilelewa humo, ameangalia kazi hiyo miaka thelathini na minane na hakuruhusiwa kugusa. Bawa lako, Kobe, linamtosha yeyote."

"Aliyefuta ni mama. Amesema."

"Amesema mama aliyemlea mtuhumiwa, wiki ya tatu, siku ya jalada, baada ya kuapa kinyume. Pamba ziko wapi?"

"Zimeungua."

"Na chai iliyobaki, tuipime?"

"Ilimwagika."

"Wapi?"

"Kwenye gari letu."

Mwendesha mashtaka aliivua saa yake, akaiweka mezani, kama anayempa mgonjwa nafasi ya kuzoea habari.

"Mimi nakuamini," alisema. "Hilo ndilo baya. Lakini karatasi hii ikiingia kwenye jalada, sina budi kumfungulia mama mashtaka: maelezo ya uongo, na kuharibu ushahidi. Leo hii hii. Atasimama kizimba kimoja na mwanawe, na mwanawe hatatoka. Umeleta karatasi ya kumfunga wa pili."

"Na isipoingia?"

"Inabaki kesi ya mtu mmoja. Akikiri kuua bila kukusudia, nafunga jalada, naomba kifungo kifupi kinachowezekana. Miaka saba, labda sita. Una mpaka saa tisa. Bora uchague wewe, kwa sababu mimi nikichagua nitafuata kitabu."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na viti viwili, na kimojawapo kilishapoteza mguu, kimewekewa tofali. Kobe alikalia cha tofali. Mpwa alikuwa mtu mkubwa, mikono yote ina alama za tanuri, mistari ya waridi kuanzia kiganja mpaka kiwiko.

"Mligombea nini siku ile?" Kobe aliuliza. "Hujawahi kuniambia sawasawa."

"Macho yake. Nilitaka akapasuliwe mtoto wa jicho. Akaniambia mwoka mikate asimfundishe mtu kuona."

Kobe akamweleza yote: brashi, mizunguko, dakika ishirini na tano, pamba jikoni, saa ya mwendesha mashtaka mezani. Mpwa alisikiliza ameinamisha kichwa. Mwisho mabega yake yakatikisika, na Kobe akadhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, kama mtu anayecheka msibani.

"Alilifuta yeye? Mama?" alisema. "Na limetoka?"

"Limetoka safi."

"Mjomba angekufa tena." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Yuko wapi sasa?"

"Benchi la nje. Amevaa nguo ya kutokea. Anataka karatasi yake ipokewe."

"Umemwambia kitakachompata?"

"Nimemwambia. Anasema sawa."

"Kwake kila kitu sawa. Sukari yake nani atampima humu ndani? Miguu yake inavimba akikaa saa mbili kwenye kiti." Alitazama juu, kwenye kidirisha. "Hata hivyo mimi sitoki."

"Hutoki."

"Basi lete karatasi nyingine, afande."

"Sikuja kwa ajili hiyo."

"Ulikuja kwa ajili gani?"

Kobe alitafuta. Alitafuta kwa uaminifu, jinsi alivyowatafuta wezi na vifaranga, mpaka ikawa aibu kuendelea kutafuta. Akatoa karatasi.

"Mimi," mpwa alianza, kama anayemwandikia mwajiri barua, "siku ya Jumamosi, saa nane mchana... saa nane ndiyo fundi cherehani anasema, sio?"

"Ndiyo."

"Saa nane. Niligombana na mjomba wangu kuhusu matibabu. Kwa hasira nikamsukuma. Akaanguka. Nikaogopa, nikafuta..." Akasita. "Bawa tulitaje?"

"Usilitaje."

"Sawa. Nikaogopa, nikaenda kazini. Sikukusudia. Hilo liandike mara mbili."

Kobe aliandika. Kalamu ilikuwa nzuri siku hiyo. Siku zote alizohitaji maungamo ya kweli ilikuwa ikikwaruza. Alifika mahali ambapo fomu inauliza, nayo lazima ijazwe.

"Ulimsukuma kwa mkono gani?"

Mpwa aliweka mikono yote miwili mezani, akaitazama kwa zamu.

"Mkono upi unafaa?"

Kobe akafungua ripoti ya daktari. Akasoma mstari wa jeraha, akarudia kuusoma, akajaza mwenyewe bila kuusema. Kisha akaigeuza karatasi, na mpwa akasaini kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyezoea kuandika juu ya magunia ya unga.

Kwenye korido saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini. Mama alikuwa benchi la mwisho, mkoba magotini, miguu imebana viatu vya kutokea. Alipomwona akajaribu kusimama.

"Wameipokea karatasi yangu?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa shati wa Kobe, imekunjwa mara nne. Ile nyingine ilikuwa ndani ya jalada, chini ya kwapa.

"Bado, mama."

"Wanachelewa hawa," alisema. Akajisogeza pembeni, akapangusa sehemu ya benchi kwa kiganja. "Basi kaa tuwasubiri, mwanangu. Na wewe umechoka."

Kobe akakaa. Mama akautazama mlango wa ofisi, naye akautazama. Hakuna aliyekuwa nyuma ya mlango ule akiwachelewesha. Aliyekuwa akisubiriwa alikuwa ameketi hapo benchini, na miguu yake, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita, ilikataa kabisa kwenda.